Droo Niliyomficha Mume Wangu

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba nikusimulie kisa changu mwenyewe. Kila mwezi nakaa kwenye kiti hiki cha uhariri nasoma barua zenu: za ndoa, za uchumba, za wakwe, za pesa. Nakata hapa, nalainisha pale, jioni nabeba pochi yangu naenda nyumbani kama vile hayo yote ni ya watu wengine. Jamani, mengi ni yangu pia. Hili la leo nimemwomba mume wangu ruhusa kabla ya kuliandika. Alisoma rasimu yote. Sehemu moja alicheka, sehemu nyingine alinyamaza. Nimeziacha zote mbili kama zilivyo.

Kisa chenyewe kinaanza na sanduku.

Jumamosi ya Portobello

Mwaka 2017 mume wangu alikuwa London anamalizia shahada ya uzamili. Ndoa yetu ilikuwa na miaka miwili tu, si unajua tena, bado tunatumiana meseji kila baada ya nusu saa. Nikaomba likizo, nikamfuata kwa wiki tatu. Jumamosi moja yeye alikuwa na kazi ya kuwasilisha chuoni, mimi nikashika njia peke yangu hadi Portobello Road, mtaa ambao siku hiyo hugeuka soko la vitu vya kale. Vijiko vya fedha, saa za mfukoni, ramani, vikombe visivyo na visahani vyake. Mtu uliyezoea Kariakoo huwezi kupotea pale: watu wanasukumana, na bei inashuka ukianza kuondoka.

Kwenye meza ya bibi mmoja wa Kiingereza, aliyevaa glavu zilizokatwa vidole, niliona sanduku dogo la vito. Upana wake kama karatasi ya kuchapia, kimo chake kama shubiri. Mbao ya mjozi, rangi ya asali iliyokolea, kona zimebanwa kwa shaba. Akaniambia ni la enzi za Malkia Victoria, miaka ya 1860 hivi. Akazungusha kifunguo, akainua kifuniko. Ndani ya kifuniko kulikuwa na kioo. Ukibonyeza kijichuma pembeni, kioo kinaegama mbele, nyuma yake kuna mfuko wa ngozi wa kuwekea barua. Chini yake kuna trei ya velveti ya bluu iliyofifia, ina vijumba vya pete, vya hereni, vya chupa ndogo za manukato. Chupa zenyewe hazikuwepo, zimebaki nafasi zake tu, kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza.

"Umeona yote, mpenzi?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Hujaona," akasema. Akaingiza kidole ndani, akabonyeza kitu kwenye ukingo, na pap! Ubao wa mbele kwa chini, ambao mimi nilidhani ni ubao tu, ukachomoka. Droo ndefu, nyembamba, haina mshikio, haina tundu la ufunguo. Nilipiga kelele hadi watu wakageuka.

Ujanja wenyewe ni mwepesi ukishaelezwa. Nyuma ya droo kuna springi, kipande cha chuma chembamba kilichopindwa. Ukiisukuma droo ndani, chuma kinabanwa, halafu kijilimi kinanasa kwenye kidato na kuizuia. Kitufe kinachokiinua kile kijilimi kimewekwa ndani ya sanduku, kidogo kama kichwa cha pini. Kwa hiyo sanduku likifungwa kwa ufunguo, droo nayo imefungwa, maana kitufe hakifikiki. Na hata likiwa wazi, asiyejua atatoa trei, ataangalia, atarudisha, ataondoka.

Nilitoa pauni 120. Mume wangu nilimwambia themanini. (Hapa ndipo alipocheka. Miaka yote hiyo hakujua.)

Jioni nikamwonyesha sanduku langu: kifuniko, kioo, mfuko wa barua, trei. Droo sikumwonyesha. Naapa sikuwa na nia mbaya. Nilipanga siku moja nimwekee humo zawadi, nibonyeze, ashtuke kama nilivyoshtuka mimi. Tukarudi Dar, nikaliweka juu ya dresing tebo, maisha yakaendelea, na ile siku moja haikufika.

Wake wa enzi za Victoria

Mimi nikipenda kitu lazima nikichimbe, ndiyo kazi niliyosomea. Nikaanza kusoma kuhusu masanduku haya, na nilichokikuta kilinishangaza kuliko lile sanduku lenyewe.

Malkia Victoria alitawala Uingereza kuanzia mwaka 1837 hadi 1901, na Waingereza wa wakati wake walikuwa na ugonjwa wa kufuli. Joseph Bramah alikuwa amepata hataza ya kufuli lake mwaka 1784. Kampuni yake ikaliweka kufuli moja kwenye dirisha la duka Piccadilly, na ahadi ya gini 200, yaani pauni 210, kwa yeyote atakayelifungua bila ufunguo. Lilikaa hapo miaka na miaka. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa ya London, Mmarekani mmoja aitwaye Alfred Charles Hobbs akajitokeza. Lilimchukua saa 51 za kazi, zilizogawanywa kwa siku 16, lakini alilifungua. Kufuli ndogo za Bramah, zenye tundu la duara, zilikuwa zikifungwa kwenye masanduku ya gharama ya mabibi wa kitajiri. Langu lina kufuli la kawaida, wala sijidai.

Mafundi walishindana kwa ubunifu. Yapo masanduku ambayo ukiinua kifuniko, trei zinapanda na kujitandaza zenyewe kama ngazi, zikivutwa na vyuma vya pembeni. Kulikuwa na familia ya mafundi London, George Betjemann na wanawe, waliojulikana zaidi kwa kifaa kiitwacho Tantalus, cha mwaka 1881. Ni kibao cha kusimamishia chupa za pombe, kina mtaimbo unaozibana shingo. Chupa unaziona, kinywaji unakiona, lakini bila ufunguo wa bwana huonji hata tone. Mjukuu wa ukoo ule, John Betjeman, alikataa kurithi karakana, akaenda kuwa mshairi, na baadaye akawa mshairi rasmi wa taifa kuanzia 1972 hadi alipofariki 1984. Baba yake alitaka fundi.

Kuna kitu kingine kinachotuhusu sisi wa pwani hii. Masanduku ya aina hii mara nyingi yalikuwa na vifaa vya kucha na vifuniko vya pembe za ndovu. Na sehemu kubwa ya pembe zilizouzwa duniani karne ile zilipitia Zanzibar, zikiwa zimebebwa mabegani kutoka bara hadi Bagamoyo. Kwa hiyo usishangae ukiona sanduku la bibi wa Kiingereza lina kipande cha kwetu ndani yake, na maumivu ya mtu wa kwetu pia.

Lakini kilichonikaa moyoni ni sheria. Zamani Uingereza, mwanamke akiolewa, mali yake inayohamishika inakuwa ya mume. Pesa, samani, hata mshahara wake kama anafanya kazi. Vito na nguo alikuwa akivivaa, ila mume akiwa hai aliweza kuviuza au kumpa mtu mwingine. Sheria ya mwaka 1870 ilimruhusu mke abaki na kipato cha mikono yake. Ile ya 1882, iliyoanza kutumika Januari 1883, ndiyo iliyompa haki ya kumiliki mali kama mtu kamili. Linganisha na Zanzibar wakati huohuo: Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, binti yake Salme, aliyekuwa mtoto bado, alirithi mali yake mwenyewe kwa sheria ya Kiislamu.

Basi nikalitazama sanduku langu kwa jicho jingine. Bibi wa miaka ya 1860 aliyekuwa akibonyeza kile kitufe alikuwa anajua kwamba ndani ya nyumba nzima, kisheria, hana hata kijiko. Ile droo ilikuwa nafasi yake, upana wa vidole vitatu. Nilimhurumia sana. Nilijiona nina bahati. Nina mshahara wangu, nina akaunti yangu, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema kufunga ndoa hakubadilishi umiliki wa mali ya yeyote kati yetu. Nina haja gani ya kuficha?

Haya, sikiliza sasa.

Karatasi kumi na mbili

Januari 2019 tulianza kuweka akiba ya kiwanja. Mume laki tatu, mimi laki tatu, kila mwezi. Tulitumia akaunti yangu kwa sababu benki ile iko jirani na ofisi yetu. Yeye alinipa pesa na hakuuliza tena. Naomba usome sentensi hiyo mara mbili: hakuuliza tena.

Mimi nina mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu. Mtoto mzuri, mcheshi, mwepesi wa kuahidi. Mwaka huohuo wa 2019 mume wangu alimkopesha milioni moja na nusu aanze biashara ya vifaa vya simu. Biashara ilikufa ndani ya miezi minne na pesa haikurudi. Mume wangu hakugomba. Alisema tu, siku moja tukiwa mezani: "Shemeji yangu nampenda, lakini pesa yangu hataiona tena. Na yako naomba asiione." Nikaitikia.

Februari 2020 mama akanipigia simu usiku, analia. Kumbe mdogo wangu alikuwa amechukua mkopo wa mtaani, ile inayoitwa kausha damu. Alichukua milioni tatu. Na dhamana aliyoweka ni hati ya nyumba ya mama, nyumba aliyotuachia baba. Riba imepanda, deni limefika milioni saba na laki mbili, na mkopeshaji ameshaleta watu wawili kuitazama nyumba.

Ningefanya nini? Najua unachosema: ungemwambia mume wako. Mimi mwenyewe ningemwandikia hivyo msomaji yeyote. Lakini nilikuwa nasikia ile sauti ya mezani, "naomba asiione," na niliona aibu. Aibu ya ndugu ni kama kidonda cha mguuni, unatembea huku umeweka uso wa kawaida. Nikaenda kuonana na mkopeshaji, tukakubaliana nilipe laki sita kila mwezi kwa mwaka mzima, riba isiongezeke. Laki sita. Unaijua hiyo hesabu. Yangu tatu na ya mume wangu tatu.

Kila mwezi nikilipa, ananiandikia karatasi na kusaini. Karatasi zile ndizo zilikuwa usalama wa nyumba ya mama, kwa hiyo nilihitaji mahali pa uhakika. Nikakumbuka kitufe.

Bibi yangu wa Tanga alikuwa akifunga pesa zake kwenye pindo la kanga. Kila mtu alijua zipo pale, hata babu, na hakuna aliyegusa. Yangu ilikuwa tofauti. Mara kumi na mbili, kuanzia Machi 2020 hadi Februari 2021, nilisubiri mume wangu aingie bafuni, nikabonyeza, pap, nikaweka karatasi, nikasukuma. Ile pap iliyonipigisha kelele za furaha Portobello sasa nilikuwa naizuia kwa kiganja ili isisikike.

Mama alirudishiwa hati yake. Nilijipongeza. Nikasema sasa nitajaza akaunti pole pole, kwa pesa za kazi za ziada, na mwenzangu hatajua kitu.

Aprili 2021 tukapata kiwanja Kigamboni, milioni 16, mwenye nacho anataka pesa zote mwisho wa mwezi wa tano. Mume wangu akapiga hesabu kwenye kalenda ya ukutani: miezi 28 mara laki sita, milioni 16 na laki nane. "Mke wangu, tumefika!" akanikumbatia. Kwenye akaunti kulikuwa na milioni tisa na laki sita.

Keko

Masika ya mwaka ule ilinyesha kweli. Mbao inakunywa unyevu na kuvimba, chuma nacho kwenye hewa ya chumvi ya Dar kinashika kutu. Siku moja nikabonyeza kitufe, droo haikutoka. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikasema afadhali, zikae humohumo.

Kumbe mume wangu alikuwa na sapraizi. Kumbukumbu ya ndoa yetu ni mwezi wa tano, na alikuwa ameona sanduku langu limefifia. Akalibeba siku ya Jumamosi, mimi nikiwa saluni, akalipeleka Keko kwa mafundi wa samani lipigwe vanishi.

Simu ikaita nikiwa bado na rola kichwani.

"Mke wangu, njoo Keko sasa hivi! Hili sanduku lako lina siri, hata wewe mwenyewe hujui!"

Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyeokota noti. Sijawahi kuumia hivyo kwa kusikia mtu amefurahi. Nilitoka na nywele mbichi, nikapanda bajaji.

Nilimkuta fundi, mzee wa makamo, amekaa kwenye kigoda na sanduku mapajani. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mama. Wewe ndiye mwenye mali?" Akanionyesha kijiti chake. Alikuwa amepima kina kwa ndani, akaweka alama. Akapima kimo kwa nje, akaweka alama nyingine. Kati ya alama hizo mbili kulikuwa na nafasi ya vidole vitatu. "Ndani na nje havilingani," akasema. "Na aliyetengeneza hiki kitu si mtu wa kupoteza mbao bure. Humu chini kuna chumba. Ila mlango sijauona. Nikiuondoa ubao wa chini nitaingia, lakini utaumia kidogo."

Mume wangu akanigeukia, uso unang'aa. "Unaonaje? Tuvunje?"

Msomaji, nilikuwa na njia ya kutokea pale. Ningeweza kusema tusiliharibu, tuliache, ni la kale. Wangekubali. Ningerudi nalo nyumbani na siri yangu vidole vitatu. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa wiki mbili mbele, na pale mbele yangu alikuwa amesimama mtu anayeuliza ruhusa yangu hata kwa kipande cha mbao.

Nikasema, "Baba, una mshumaa?"

Nikamwambia apake nta kwenye mfereji wa ubao wa mbele. Akapaka, akagonga pole pole kwa mpini wa patasi, huku na huku. Nikaingiza kidole, nikabonyeza kitufe. Droo ikatoka nusu, ikakwama, halafu ikaruka.

Mume wangu hakuziangalia karatasi kwanza. Aliniangalia mimi.

"Kumbe unajua," akasema.

Akachukua karatasi, akazisoma. Zote kumi na mbili, moja moja, tarehe kwa tarehe. Yule mzee akasema anakwenda kunywa chai, ingawa kikombe chake kilikuwa pale chini kimejaa. Mume wangu alipomaliza akazipanga vizuri, akazirudisha kwenye droo, akaisukuma. Akamlipa fundi pesa ya vanishi, yote, akasema atalifuata Jumatatu. Tukapanda gari. Kutoka Keko hadi nyumbani hatukusema neno.

Kimya cha adabu

Wapo wanaogombana kwa kelele. Sisi tulikuwa na siku tatu za kimya cha adabu. Chai ipo? Ipo. Umefunga geti? Nimefunga. Alilala chumbani kama kawaida, amegeukia ukutani. Ningependa angepiga kelele.

Siku ya nne, usiku, umeme umekatika, akaanza mwenyewe gizani. Nilijiandaa kusikia kuhusu pesa. Akasema: "Siku ile London ulinionyesha lile sanduku, kioo, mfuko, kila kitu. Miaka minne nimekaa nadhani nimeona yote."

Nikamweleza. Simu ya mama, watu wawili waliokuja kuitazama nyumba, maneno yake ya mezani. Nikamwambia, "Ningekuambia ungekataa."

"Ndiyo," akasema. "Ningekataa. Ningekasirika siku mbili, tatu. Halafu ningekubali, kwa sababu ni nyumba ya mama. Ungeniacha nikatae kwanza."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniumiza kuliko yote. Nilikuwa nimemhukumu kwa hasira za siku ya kwanza, nikamnyima nafasi ya kufika siku ya tatu. Nilimwogopa mume ambaye kwa kweli sikuwa naye. Bibi wa miaka ya 1860 alikuwa na sheria nzima ya nchi dhidi yake. Mimi nilikuwa na mtu anayelala upande wa pili wa kitanda, na nilikuwa nimechukua laki zake tatu mara kumi na mbili bila kumuuliza. Usinihurumie sana hapo. Kama mwanamume angefanya hivyo kwa pesa za mkewe, barua yake ningeijibu kwa ukali.

Kiwanja kilikwenda. Mwenye nacho hakusubiri, na hakuwa na sababu ya kusubiri. Kwa mwaka mmoja baada ya hapo, kila mwisho wa mwezi mume wangu aliniomba taarifa ya benki. Aliomba kwa upole, na kila mara nilijisikia kama mwanafunzi anayepeleka ripoti nyumbani. Nilimpa. Mwezi Juni 2022 akaacha kuomba, hakutangaza, aliacha tu. Siku hiyo nililia jikoni.

Mdogo wangu anaendesha bodaboda. Anaturudishia laki moja kwa mwezi, miezi anayokumbuka. Mume wangu ndiye anayempigia kumkumbusha, na siku hizi wanataniana. Mwaka 2023 tulipata kiwanja kingine, kidogo zaidi na mbali zaidi. Tukienda kukitazama tunapita kile cha kwanza. Nyumba ya mwenyewe sasa imefika kwenye lenta. Tukipita hapo hakuna anayesema kitu.

Siri na faragha

Kazi yangu inanidai nikuachie kitu cha kubeba, basi chukua haya, uyatumie upendavyo.

Kwanza, sanduku lina mfuko wa barua nyuma ya kioo na lina droo chini. Hivyo ni vitu viwili. Mfuko ni faragha. Barua za rafiki yako, kumbukumbu zako, mazungumzo yako na mama yako. Mwenza wako anajua mfuko upo, na haungalii kwa sababu anakuheshimu. Droo ni siri, maana hajui hata kama ipo. Kila mtu kwenye ndoa anahitaji mfuko. Nikisema ndoa haina faragha nitakuwa nakudanganya.

Pili, ukitaka kujua kama kitu chako ni faragha au siri, jiulize: kikifunguka Keko mbele ya fundi, mwenzangu atapoteza nini? Asipopoteza kitu, kiache mahali pake. Akipoteza pesa, kiwanja, afya, au imani, mwite leo.

Tatu, na hili ni kwa mwenye sauti ya mezani. Ukisema "asione tena hata senti," unafunga mlango, na yule mwingine anaanza kutafuta kitufe. Mume wangu ameniruhusu niliandike hili. Alisema, "Andika. Na mimi nilipiga kufuli."

Nne, wapo wanaoficha kwa sababu ndani kuna kipigo au kunyang'anywa. Hao siwaambii wafungue droo. Hao nawaambia waitunze vizuri, wamtafute mtu wa kuwasaidia. Kisa changu ni cha mtu aliyekuwa salama, akajifanya hayuko salama.

Sanduku liko palepale kwenye dresing tebo. Vanishi ya Keko imelikaa vizuri, linang'aa kuliko siku niliyolinunua. Fundi aliipunguza droo kidogo kwa msasa, na sasa inachomoka kwa kelele kubwa zaidi, huwezi kuizuia kwa kiganja. Ndani kuna hereni za bibi na zile karatasi kumi na mbili. Mume wangu anajua kitufe kilipo. Binti yetu naye anajua, maana baba yake ndiye aliyemwonyesha, na kila akibonyeza anapiga kelele kama nilivyopiga mimi.

Pauni arobaini za ziada ndiyo kitu pekee kilichokuwa kimebaki. Sasa nazo anazijua.

Haya, msomaji wangu, usiku wa leo chukua kijiti. Pima nyumba yako kwa ndani, halafu pima kwa nje.